Mgao, kukatika na kukatwa

Habarini za jioni jamani, nyuma huko mnanisikia? Haya. Leo nimekuja na neno moja, mgao, maana saivi chochote kikizima tunasema mgao, maji mgao, umeme mgao, hadi netiweki ikisumbua utasikia kuna mgao.

Mgao umetoka kwenye kugawa, na ili ugawe lazima kitu kiwepo, hata kidogo, alafu kila mtu apate fungu lake. Mnaokumbuka ukame wa 2006 hapa Tanzania, bwawa la Mtera maji yalishuka, na maji ya Mtera ndo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, megawati 204, sasa umeme hautoshi ikabidi tupeane zamu, leo nyie kesho sisi. Ule ulikua mgao kweli, mtu anajua kesho mchana hana umeme basi anapiga pasi usiku.

Lakini Aprili 2024 gridi ya taifa ilipopata hitilafu usiku tukaamka giza, pale nani aligawiwa nini? Umeme ulikatika. Na kukatika sio kukatwa jamani, hapa Kiswahili kimetupa utajiri mkubwa. Umekatika ni kama kikombe kimevunjika, aliyevunja hatajwi. Umekatwa, hapo kuna mkono wa mtu, labda unadaiwa, labda mafundi wamezima laini wanabadilisha nguzo.

Mtaani kwetu kuna dada anauza samaki, friji lake moja limejaa vibua. Umeme umeondoka saa nne asubuhi, akapiga simu huduma kwa wateja akajibiwa kuna mgao mama, vumilia. Yeye kusikia mgao akajua jioni utarudi maana mgao una saa zake, akafunga friji vizuri asipoteze ubaridi, hata barafu hakununua. Kumbe transfoma imeungua, umeme umerudi siku ya tatu. Nilikuwepo anafungua lile friji, ile harufu, na yale maji mekundu yanachuruzika mpaka kwenye kizingiti, yule dada hakusema kitu, alichukua ndoo tu akaanza kutoa mmoja mmoja. Angeambiwa transfoma imeungua angewakaanga wote mchana ule ule akauza.

Ndo maana mimi nikiambiwa mgao nauliza papo hapo, unaanza saa ngapi unaisha saa ngapi, na mtaa gani unafata? Akikosa jibu namwambia basi huo sio mgao ndugu yangu, niambie kilichoharibika.

Haya, mama pale mbele umenyoosha mkono, karibu.