Kufunga miguu miwili kwenye bunduki ya mti

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Bunduki hii iliyo mezani nimeitoa bolti, ile komeo ya chuma inayofunga nyuma ya mtutu, nimechungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha nikaingiza kidole. Macho yakishazoea kitu huona yanachotarajia. Risasi haziko humu ndani, na leo hatuhitaji hata moja.

Nikisema nafundisha kufunga miguu miwili ya mbele ya kuisimamishia bunduki, watu huniambia, "Fundi, si ni skrubu moja tu? Mhadhara wa nini?" Na mimi niliwahi kusema hivyo hivyo. Bunduki ya kwanza kuifungia miguu ilikuwa yangu, nashukuru haikuwa ya mteja. Nilitoboa upande wa chini wa mti, yaani ile mbao inayobeba mtutu, nikakaza skrubu ya mbao yenye kichwa cha tundu, ile ya kushikia mkanda, nikanasa miguu hapo. Ikauma vizuri kabisa. Uwanjani, nikiilaza kwenye mfuko wa mchanga, inapiga ninapolenga. Nikiisimamisha kwa miguu yake, risasi inakwenda kando, kila mara upande uleule. Wiki mbili nzima nikailaumu darubini. Nilipokuja kuutoa mtutu kwenye mti, nikaona ncha ya skrubu imechomoza ndani ya mfereji ambamo mtutu hulala, ndogo kama punje ya mtama, na kwenye chuma mkwaruzo unang'aa.

Kwa hiyo tuanze na mtutu. Risasi inapotoka, chuma kile kinatetema, na kinatakiwa kitetemeke namna ileile kila mara. Kikiguswa na kitu mahali fulani, mtetemo unabadilika. Ndiyo maana bunduki nyingi za shabaha huachiwa nafasi kati ya mtutu na mti. Sasa wewe unaweka miguu, uzito wote wa mbele unatua pale, halafu mpigaji anasukuma bega ili miguu isirudi nyuma. Mti unapinda. Kidogo, ndiyo, lakini nafasi yenyewe mara nyingi haizidi milimita moja au mbili. Chukua kipande cha karatasi, kipitishe chini ya mtutu kuanzia mbele. Kinateleza hadi karibu na chemba? Vizuri. Sasa simamisha bunduki kwa miguu, sukuma bega kama unavyopiga, na mwenzako apitishe karatasi tena. Ikikwama hapo, usihangaike na skrubu bado. Kwanza chukua msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, upanue mfereji taratibu, kisha upake mafuta au vanishi pale ulipokwaruza, maana mbao iliyo wazi hunywa unyevu.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua, mbao ngumu. Lakini hata mti wa jozi uliokaushwa miaka unaendelea kuvimba na kusinyaa. Kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki sana, hata asilimia moja haifiki. Kukatiza nyuzi, mbao mbichi ikikauka yaweza kupungua asilimia 5 hadi 8. Skrubu yako inaingia kukatiza nyuzi. Misimu inapita, mbao inaibana na kuiachia, na miguu inaitikisa kila unapoikunja. Kushika mkanda, skrubu ya mbao inatosha. Kubeba miguu, mimi siiamini.

Ninachofanya ni kutumia skrubu ya chuma inayopita mti mzima hadi kwenye nati iliyozama ndani ya mfereji. Mtutu unatoka kwanza, hilo halina mjadala. Mti naubana kwenye jiriwa yenye ngozi mdomoni, naweka utepe wa karatasi nje ili rangi isichanike, natafuta mstari wa katikati kwa kupima kutoka kingo zote mbili, na naanza na drili nyembamba, kutoka nje kwenda ndani, nikiwa nimekandamiza kipande cha mbao upande wa pili. Bila hicho kipande, drili ikitokea inabeba vibanzi. Halafu napanua tundu la ndani kwa ajili ya nati, ikae chini ya uso wa mfereji, na skrubu isiizidi. Napaka epoksi kidogo kuzunguka nati. Skrubu naipaka nta, gundi isiifunge humo milele.

Wanaoshindana hupendelea reli, kipande kirefu kinachofungwa chini ya mti ili kunasa miguu, badala ya skrubu moja, kwa kuwa inashikwa sehemu mbili na haizunguki. Ile ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea vipimo rasmi mwaka 1995, ni imara, ila juu ya mti wa jozi inaonekana kama bomba la maji ukutani. Hilo ni jicho langu tu.

Umeuliza, dada, kuhusu tundu lililokwisha kulegea. Wengi hupigilia kijiti cha mviringo chenye gundi na kukaza upya. Hakidumu, kwa sababu nyuzi za kijiti zinasimama sambamba na skrubu, na skrubu haishiki vizuri kwenye ncha ya nyuzi. Kata kizibo kutoka mbao ya aina ileile, nyuzi zake zilale sawa na za mti, kigandishe, kipe siku nzima kikauke, ndipo utoboe. Sogea hapa mbele na karatasi yako, tuupime huu wa mezani.