Kuvuka mto: hesabu ya mishale miwili

Tuanzie ubaoni. Mto una upana wa mita 150 na maji yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde. Boti yetu, kwenye maji yaliyotulia, hukimbia mita 2.5 kwa sekunde. Kabla hamjagusa kikokotoo, andikeni kila kasi inapimwa kutoka wapi: 2.5 ni ya boti kulingana na maji, 1.5 ni ya maji kulingana na ukingo. Aliyesimama ukingoni anaona jumla ya vekta hizo mbili, yaani mishale ya kasi yenye ukubwa na mwelekeo.

Omo (sehemu ya mbele ya boti) ikielekezwa ng'ambo moja kwa moja, muda wa kuvuka ni 150 ÷ 2.5, yaani sekunde 60. Mkondo hauuongezi wala hauupunguzi, maana unasukuma kando tu. Katika muda huo boti inachukuliwa mita 90. Hapa alama nyingi hupotea: mtu anatafuta kasi ya jumla, √(2.5² + 1.5²), anapata 2.9, kisha anagawa 150 kwa hiyo 2.9. Kasi hiyo ni ya njia ya mshazari, yenye mita 175, si ya upana wa mto.

Sasa tunataka kutua mkabala na tulipoanzia. Omo itazame juu ya mto kiasi kwamba sehemu ya kasi inayopanda ilingane na mkondo: sin θ = 1.5/2.5, nyuzi 37, θ ikiwa pembe kati ya omo na mstari wa kwenda ng'ambo moja kwa moja. Kasi inayobaki ya kuvukia ni mita 2 kwa sekunde. Muda, sekunde 75. Ukitumia tan (kosa sugu hili, la kusahau kwamba mshale wa 2.5 ndio hipotenusi, upande mrefu wa pembetatu) utapata nyuzi 31 na utaikosa gati kwa mita 15.

Je, mkondo ukifika mita 3 kwa sekunde? sin θ inakuwa 1.2, na pembe ya namna hiyo haipo. Kutua mkabala haiwezekani. Kinachowezekana ni kupunguza hasara: sin θ = 2.5/3, nyuzi 56. Utachukuliwa mita 100 hivi badala ya 180, ila muda unapanda hadi sekunde 109 hivi.

Mto halisi, tuseme Rufiji, hauna kasi moja: katikati maji hukimbia, ukingoni hupoa. Kwa hiyo mvushaji mzoefu hupanda kwanza kandokando ndipo akate mto. Kwenye mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde, boti hii inapanda mita 2 kila sekunde. Zile mita 100 anazilipa kwa sekunde 50 kabla hajageuza omo.