Nani Anakuomba Alama Hizo? Maswali ya Kigoma Kuhusu Mtihani wa Kiingereza

Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini, Jumamosi mchana, mbele ya wahitimu wa kidato cha sita, wauguzi, walimu na wazazi

Shikamooni wazazi wangu. Wadogo zangu, habari za mchana.

Nilipofika mlangoni nimekuta kikapu kimejaa vikaratasi vya maswali. Nimevisoma vyote wakati wenzetu wanapanga viti. Karibu nusu yake vinauliza jambo moja: mtihani upi ni rahisi? Nitalijibu. Lakini naomba nilisogeze kidogo, kwa sababu kuna swali lililopaswa kuwa la kwanza na hakuna aliyeliandika. Nani anakuomba hizo alama? Ni chuo, ni ubalozi, ni mfadhili, au ni baraza la wauguzi? Na ameandika wapi kwamba anazitaka, za mtihani gani, kiasi gani kwa kila sehemu, na mwisho wa kuzipokea ni lini?

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinigharimu. Nilipokuwa natafuta nafasi ya kusoma nje, nilimwachia wakala mmoja kazi ya kuniandikisha. Nikampa hela, nikapanda treni hapa stesheni yetu, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Nikafanya mtihani, nikarudi nyumbani nina furaha. Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri. Nikayapeleka chuoni. Jibu lilikuwa mistari miwili: huu si mtihani tunaoutaka. Mtihani niliofanya ni IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, nao una aina mbili. Kuna Academic, ya wanaokwenda kusoma chuo kikuu au kusajiliwa kitaaluma, na kuna General Training, ambayo zaidi ni ya wanaohamia nchi nyingine au kwenda kufanya kazi. Kusikiliza na kuongea ni sawa kabisa katika aina zote mbili, ila kusoma na kuandika ni tofauti. Mimi niliandikishwa ile isiyohusika. Sikuwa nimesoma fomu, niliweka saini tu. Ada ikaenda, nauli ikaenda, na mwaka ule wa masomo ukanipita.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujatoa hata shilingi, fungua ukurasa wa chuo chenyewe, usome mahitaji ya kozi yako. Mahitaji ya kozi, nasema, maana chuo kimoja kinaweza kutaka alama 6.0 za IELTS kwenye uhandisi na 7.0 kwenye sheria. Yanakili kwenye daftari. Ukiona hayaeleweki, waandikie barua pepe. Wanajibu. Na katika barua hiyo waulize jambo moja zaidi: kwa kuwa nimesoma shahada yangu Tanzania, ambako chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, je, mtakubali barua ya chuo changu kuthibitisha hivyo? Vipo vyuo vinavyokubali, na mtu akajikuta hahitaji mtihani wowote. Vingine vitakataa, na hapo umepoteza dakika kumi za kuandika barua.

Sasa mtihani upi ni rahisi. Mitihani mnayoitaja sana kwenye vikaratasi ni IELTS, TOEFL na Duolingo. TOEFL ni ya Kimarekani, ilianza mwaka 1964, na sehemu ya kuongea unaongea na kompyuta kupitia maikrofoni. IELTS unaongea na mtu ana kwa ana, dakika 11 hadi 14, na mazungumzo yanarekodiwa. Wapo wanaotulia mbele ya mtu, na wapo wanaotetemeka mbele ya mtu lakini mbele ya mashine maneno yanatoka. Hapo utajijua mwenyewe. Duolingo unaufanya nyumbani, unachukua kama saa moja, ada yake haijafika dola 100, na matokeo hutoka ndani ya siku mbili. Kwa mtu wa Kigoma hilo ni jambo kubwa, maana nauli na gesti ya Dar vinaondoka kwenye hesabu.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Unapofanya mtihani nyumbani, kamera inakuangalia muda wote. Mtoto akiingia chumbani kuomba chaja, mtihani wako unaweza kufutwa. Umeme ukikatika, intaneti ikikwama, hali kadhalika. Na nyumba zetu nyingi ni za mabati. Mvua ya Machi ikianza kupiga juu, husikii hata mtu aliyekaa ubavuni mwako. Tafuta ofisi au darasa lenye dari, lenye betri ya akiba, ufunge mlango kwa ufunguo. Na hakikisha unakokwenda wanaupokea. Kwenye orodha ya mitihani ya viza ya serikali ya Uingereza, Duolingo haimo, ingawa kuna vyuo vya huko vinavyoipokea kwa wanafunzi wa shahada. Hata IELTS yenyewe, kwa baadhi ya viza za Uingereza, ni lazima iwe ile iliyoandikishwa maalumu kwa ajili ya viza. Maswali ni ya namna ile ile, ila uandikishaji ni mwingine.

Kikaratasi hiki kimeandikwa na muuguzi. Anasema: "Nina wastani wa 7.0 kwenye IELTS, wamenikataa Uingereza. Kwa nini?" Dada yangu, popote ulipokaa, ngoja tukokotoe pamoja hapa ubaoni alama ulizoziandika. Kusikiliza 7.0. Kusoma 7.0. Kuongea 6.5. Kuandika 6.5. Jumla 27, gawanya kwa nne, unapata 6.75. Wao wakipata 6.75 wanaipandisha hadi 7.0, kama vile 6.25 inavyopanda hadi 6.5. Kwa hiyo karatasi yako inasomeka saba. Lakini baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza haliangalii wastani. Linataka 7.0 kwenye kusoma, 7.0 kwenye kusikiliza, 7.0 kwenye kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Umeangushwa na nusu alama ya kuongea, na wastani umeificha. Habari njema ni kwamba baraza hilo linaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango cha chini walichoweka kwa ajili ya kuunganisha. Na wauguzi mnao mtihani wenu pia, OET, ambao mazungumzo yake ni ya mhudumu na mgonjwa. Mtu aliyezoea kumpokea mgonjwa wodini na kumweleza dawa zake anaweza kujisikia yuko nyumbani zaidi huko kuliko kuulizwa maoni yake kuhusu utalii.

"Alama ya kufaulu ni ngapi?" Haipo. IELTS ina alama kuanzia 0 hadi 9, na hakuna anayefeli wala kufaulu. Anayeamua kwamba umefikia au hujafikia ni yule aliyekuomba alama. "Matokeo yanadumu muda gani?" Miaka miwili. Usifanye mtihani mapema mno ukasema nitaweka akiba.

Nimekuta maswali machache sana kuhusu kusikiliza, na hilo limenishtua, kwa sababu wengi wetu tunapoteza alama hapo. Tumefundishwa Kiingereza cha ubaoni. Msingi tumesoma kwa Kiswahili, sekondari tukakutana na Kiingereza kilichoandikwa, mwalimu anaeleza nusu kwa Kiswahili, tunanakili, tunakariri. Masikio hayakufanya kazi. Halafu unafika kwenye mtihani wa IELTS, maswali 40 kwa dakika kama 30, na rekodi inasikika mara moja tu. Anaongea Mwingereza, anaingia Mwaustralia, anafuata Mmarekani.

Lakini wenyeji wa hapa wanao ujuzi huo tayari. Nendeni Kibirizi alfajiri mitumbwi inapoingia. Mama mchuuzi wa dagaa amesimama katikati ya kelele, injini zinaunguruma, watu watano wanataja bei kwa pamoja, na yeye anaisikia ile moja anayoitaka, mara moja, na anaikumbuka. Hasikilizi kila neno. Anajua anasubiri nini: bei, idadi ya ndoo, jina la mwenye mzigo. Mtihani unakupa sekunde chache za kusoma maswali kabla rekodi haijaanza. Zitumie kujua unasubiri nini. Ni tarehe? Ni jina la mtaa? Ni bei?

Na kuna mtego mmoja unaotukamata sisi tunaosema Kiswahili: saa. Mzungumzaji anasema "half past nine". Kichwani inakuja saa tatu na nusu, kwa sababu ndivyo tunavyoishi, na mkono unaandika 3.30. Nimesahihisha karatasi za mazoezi za vijana wenye Kiingereza kizuri kabisa, na kosa ni hilo hilo. Kwa wiki sita kabla ya mtihani, weka saa yako ya simu kwa Kiingereza na utaje wakati kwa Kiingereza kila unapoitazama. Jambo lingine hapo hapo: ukikosea herufi za neno, jibu limeharibika. Ukiambiwa uandike maneno yasiyozidi mawili, ukaweka matatu, umekosa. Na usiache pengo tupu, kwa maana jibu baya halikupunguzii kitu.

Kusoma. Kuna aina ya swali linalowatesa watu, la kweli, si kweli, haijasemwa. Tuchukue mfano kwa Kiswahili. Habari inasema: mradi ulichimba visima 12 katika vijiji vya mwambao wa ziwa, na baada ya mwaka mmoja visima vinane vilikuwa vinatoa maji. Sentensi ya kwanza: visima vyote vilikuwa vinatoa maji baada ya mwaka. Si kweli, habari inapinga. Sentensi ya pili: visima vinne viliharibika kwa kukosa matengenezo.

Naona wengi mnasema kweli. Kaka pale dirishani umesema kweli. Nakuelewa, umeona visima hivyo kwa macho yako, mimi pia nimeviona. Lakini habari imesema kwamba ni kwa kukosa matengenezo? Pengine maji yalikauka, pengine pampu iliibwa. Haijasemwa. Unachokijua wewe kiache mlangoni, mtihani unapima kilichoandikwa pale. Nimeona watu wenye akili sana wakipoteza alama hapa kwa sababu wanajua mengi.

Kuandika kuna kazi mbili kwa dakika 60. Ya kwanza si chini ya maneno 150, ya pili si chini ya 250, na ya pili ina uzito mara mbili. Anza na unayoitaka, lakini usiimalize ile ndogo kwa dakika 40. Mmeniuliza kama mnaweza kukariri insha nzuri mkaenda kuimwaga. Msifanye hivyo. Wasahihishaji wamefundishwa kuitambua insha ya kukariri, na hata wasipoitambua, haitajibu swali lililoulizwa. Anayejibu swali kwa maneno ya kawaida anamzidi anayemwaga misamiati mikubwa pembeni ya swali.

Kuongea. Wengi mnaogopa lafudhi. Mzee mmoja ameandika kwamba binti yake anajifunza kuongea puani kupitia video za mtandaoni. Baba, mwambie aache. Hatakiwi kusikika kama mtu wa London. Anatakiwa aeleweke bila msikilizaji kuhangaika. Afanyie kazi mkazo wa maneno, maana Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na Kiingereza kinahamahama, ndiyo maana "thirteen" na "thirty" zinatuchanganya. Afanyie kazi "he" na "she". Sisi tuna "yeye" tu, hakuna mume wala mke ndani yake, kwa hiyo binti anaeleza habari za mama yake vizuri kabisa, ghafla anasema "he". Dawa yake ni kusimulia habari za watu kwa sauti kila jioni, dakika mbili mbili. Dakika mbili kwa sababu katika sehemu ya pili ya kuongea utapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha uongee peke yako hadi dakika mbili. Ukiwa hujazoea, dakika mbili ni ndefu mno. Na kama hujasikia swali, omba lirudiwe. Ni haki yako. Na maoni yako hayapewi alama, yawe yanampendeza mtahini au hayampendezi.

Pasipoti: kama huna, anza nayo. Ada yake ni shilingi 150,000, na utahitaji namba ya NIDA. Hakikisha majina kwenye pasipoti, kwenye vyeti na kwenye fomu ya mtihani ni yale yale, kwa herufi zile zile. Kama cheti kinasema Hamisi na NIDA inasema Khamis, shughulikia sasa, usingoje hadi wiki ya viza.

Vikaratasi vingine vitatu vinahusu mambo ya mtu binafsi, wenye navyo wanione baadaye pale chini ya mwembe.

Sasa naomba wenzangu wazime feni na wafunge madirisha ya upande wa barabarani. Chukueni kalamu. Karatasi mnazogawiwa zina maswali kumi, na mna sekunde 30 za kuyasoma. Tazameni kila pengo linasubiri nini. Mama mwenye mtoto, kaa hapa mbele karibu na spika. Rekodi hii nitaiweka mara moja tu.