Kazi Iliyoachwa Nusu: Uaminifu na Ari ya Kocha Anayehama

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, viongozi wa matawi ya mashabiki mliokubali kuketi safu moja jioni hii ingawa rangi zenu hazipatani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, nawashukuru kwa dhati. Nimeombwa nizungumzie uaminifu na ari ya kupanda pale kocha wa mpira wa miguu anapoihama klabu moja kwenda nyingine, na nitaanza na tukio ambalo wengi wenu hamhitaji kukumbushwa.

Septemba 20, 2025 Simba ilicheza na Gaborone United nchini Botswana katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikashinda bao 1–0. Marudiano yalipangwa kuchezwa Dar es Salaam Septemba 28. Katika siku zile chache kati ya mechi hizo mbili, kocha Fadlu Davids aliondoka Msimbazi kwenda Raja Casablanca ya Morocco, na mechi ya pili ikabidi isimamiwe na Hemed Suleiman, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars wakati huo, aliyeazimwa ili kuziba pengo. Simba ilitoka sare ya 1–1, ikavuka. Vijiweni wiki ile neno lililosikika kuliko mengine yote lilikuwa usaliti, na ndilo neno ninalotaka tulipime leo, kwa sababu naamini tunalitupa mahali pasipo pake na tunaliacha mahali panapostahili.

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Tunalo neno tamaa, ambalo hubeba dhambi ndani yake tangu linapotamkwa, na tunayo maneno kama ari na bidii, ambayo ni sifa njema. Mtu anayetafuta cheo kikubwa zaidi anaweza kuitwa mwenye ari au mwenye tamaa, na mara nyingi kinachoamua ni upande aliosimama msemaji. Akija kwetu, amefuata malisho mema. Akituacha, tamaa imemponza. Mbwana Samatta alipoondoka Genk ya Ubelgiji Januari 2020, msimu ukiwa katikati, kwenda Aston Villa ya Uingereza, nchi nzima ilifurahi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na ingawa Villa ilipoteza kwa 2–1, hapakuwa na nyumba ya mpenda soka Tanzania ambayo haikupiga kelele. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza mashabiki wa Genk, waliokuwa wametwaa ubingwa wa Ubelgiji pamoja naye mwaka uliotangulia, walijisikiaje.

Mtaniambia kuwa mchezaji si kocha, na ni kweli. Mchezaji hufungwa na dirisha la usajili: likishafungwa, hata akitamaniwa na klabu tajiri kiasi gani, hawezi kusajiliwa kwingine mpaka lifunguliwe tena. Kocha hana dirisha. Anaweza kupigiwa simu siku yoyote, na klabu inayomtaka ikikubaliana na klabu yake kuhusu fidia, anaweza kuwa kwenye benchi jingine kabla wiki haijaisha. Aidha, mchezaji akiondoka huacha nafasi moja uwanjani, lakini kocha huondoka na mpango mzima: namna ya kukaba, namna ya kuanza mashambulizi kutoka nyuma, ratiba ya mazoezi, na mara nyingi wasaidizi wake wote wa benchi la ufundi. Huwaacha pia wachezaji waliosajiliwa kwa kuwa yeye aliwataka, ambao mrithi wake huenda asiwahitaji. Kwa hiyo deni la kocha ni zito kuliko la mchezaji, na pamoja na uzito huo sheria inambana kidogo kuliko inavyombana mchezaji, jambo ambalo kwangu ni kasoro ya kanuni kabla ya kuwa kasoro ya tabia ya mtu.

Turudi kwa Davids. Kabla ya kuja Simba katikati ya 2024 alikuwa msaidizi wa Josef Zinnbauer hapohapo Raja, katika msimu wa 2023/24 ambao klabu hiyo ilitwaa ligi ya Morocco bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikaongeza na Kombe la Mfalme. Akaja kwetu kama kocha mkuu, akaifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, ambako RS Berkane ilishinda 2–0 kwao, kisha mechi ya Zanzibar ikaisha 1–1. Ligi aliikosa, baada ya kufungwa 2–0 na Yanga katika mchezo wa mwisho. Halafu nyumba ile ambayo alikuwa msaidizi ikamwita arudi kama mwenye mji. Nawaombeni kila mmoja ajiulize kwa haki: mwalimu msaidizi aliyehamishwa kijijini, akafanya kazi iliyoonekana, kisha shule aliyowahi kuhudumu chini ya mtu mwingine ikamwomba awe mkuu wake, je, tungemwita msaliti kwa kukubali? Mimi nisingethubutu. Ari hiyo ni halali, na klabu zetu zinaishi kwa ari za namna hiyo, kwa kuwa makocha wengi wanaokuja kwetu wanakuja wakitumaini kwamba kazi nzuri itawafungulia mlango mkubwa zaidi.

Kilichoniumiza ni siku aliyoondoka. Mechi ya mikondo miwili ni kazi moja iliyogawanywa; anayeondoka baada ya mkondo wa kwanza anaacha ukuta umefika kwenye linta. Kama Raja ingeweza kusubiri siku nane, au kama mkataba ungeilazimisha isubiri, Davids angeagana na watu wake akiwa amewavusha mwenyewe, na nadhani sehemu kubwa ya hasira ile isingezaliwa.

Sehemu ya habari hii tunayopenda kuisahau ndiyo inayofuata. Oktoba 2025 Simba ilimtangaza Dimitar Pantev, raia wa Bulgaria. Alitoka wapi? Alitoka Gaborone United, klabu ileile tuliyokuwa tumeiondoa mashindanoni siku chache tu zilizopita. Raja ilichukua wa Simba, Simba ikachukua wa Gaborone. Upande wa Jangwani nao msinyanyue mabega. Februari 2025 Sead Ramovic aliiacha Yanga akaenda CR Belouizdad ya Algeria, baada ya muda usiotimia hata miezi mitatu tangu aajiriwe, na nafasi yake ikajazwa na Hamdi Miloud, aliyechukuliwa kutoka Singida Black Stars. Anayelia leo kwa kunyang'anywa, kesho hunyang'anya jirani aliye mdogo kuliko yeye, na kilio cha yule jirani hakifiki redioni. Siwezi kuheshimu hoja ya uaminifu inayokoma kwenye geti la klabu ya msemaji.

Sasa niruhusuni niwapeleke Glasgow, kwa sababu yaliyotokea huko yamekwisha kupita duru zake zote, na tunaweza kuyatazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila hasira ya ushabiki. Brendan Rodgers, mtu wa Ireland Kaskazini aliyeipenda Celtic tangu utotoni, alipewa timu hiyo mwaka 2016. Katika msimu wake wa kwanza walitwaa makombe yote matatu ya Scotland bila kufungwa na timu yoyote ya nchini humo. Msimu wa pili wakatwaa tena yote matatu. Wa tatu ulikuwa unaelekea hukohuko: Kombe la Ligi lilikuwa limeshapatikana Desemba 2018, na kileleni mwa ligi walikuwa wanaongoza kwa pointi nane. Kisha Februari 26, 2019 akaondoka kwenda Leicester City, timu iliyokuwa nafasi ya 12 katika Ligi Kuu ya England.

Siku iliyofuata Celtic ilikuwa na mchezo Edinburgh dhidi ya Hearts, na mashabiki wakainua bango lililomwambia kwamba ameuza kutokufa akanunua ukawaida, na kwamba hakuwa mwana Celtic hata siku moja. Bango lile lilisomwa dunia nzima. Nililitafakari sana wakati ule, na bado naona sehemu yake moja ina haki na nyingine haina. Kumwambia mtu aliyeipenda timu tangu akiwa mtoto kwamba hakuwahi kuwa wao ni dhuluma. Mapenzi ya utotoni hayafutwi na mkataba wa ukubwani. Isitoshe, alikuwa na sababu za kikazi. Majira ya joto ya 2018 Celtic ilitolewa na AEK Athens ikashindwa kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na alikuwa ameonyesha wazi kutoridhika na usajili wa kipindi kile. Kocha anayeona ameshafika kwenye dari la nyumba hana kosa kutafuta nyumba yenye dari la juu zaidi. Lakini bango lilikuwa na haki katika jambo la Februari. Miezi mitatu tu ilikuwa imebaki. Neil Lennon aliitwa haraka, akaikamilisha kazi, na Mei 2019 Celtic ikatwaa makombe matatu kwa msimu wa tatu mfululizo. Jina la Rodgers limo katika kazi ile, lakini siku ya kuinua kombe hakuwepo, na hicho ndicho alichojinyima mwenyewe pamoja na kuwanyima wengine.

Je, ari yake ililipa? Ililipa, kwa kipindi. Leicester ilimaliza nafasi ya tano mara mbili mfululizo, na Mei 2021 ikaifunga Chelsea 1–0 kwa bao la Youri Tielemans, ikatwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huo ni utukufu wa kweli, na mashabiki wa Leicester wana kila sababu ya kumshukuru. Aprili 2023, timu ikiwa katika hatari ya kushuka daraja, alifukuzwa. Hakuna aliyesubiri msimu uishe. Timu ikashuka hata hivyo.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo hoja ambayo waajiri hawapendi kuisikia. Klabu inayomtaka kocha amalize alichokianza inapaswa nayo kumwachia amalize. Yanga chini ya Miguel Gamondi iliifunga Simba 5–1 Novemba 2023, ikatwaa ubingwa wa 2023/24, na Novemba 2024, msimu mpya ukiwa bado mchanga, baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, Gamondi akaachishwa kazi. Uongozi una haki hiyo kimkataba, sibishi. Lakini kocha mwingine anayetazama hayo, akiwa na barua ya klabu kubwa mkononi mwezi Septemba, atajiambia nini? Atajiambia kwamba wanaomtaka asubiri hadi Juni huenda wasimsubiri yeye hadi Desemba. Hivyo anapoondoka kwa pupa, sehemu ya pupa hiyo tumemfundisha sisi.

Shabiki peke yake ndiye asiye na pa kuhamia. Yanga ipo tangu 1935 na Simba tangu 1936, na humu ukumbini wapo waliorithi timu kutoka kwa babu pamoja na shamba na jina. Uaminifu wao ni wa damu, na ni mzuri. Mimi mwenyewe nimelelewa ndani yake, na sitaki kuishi bila huo. Tunakosea tunapomdai kocha wa kuajiriwa, aliyetoka Afrika Kusini, Tunisia au Argentina, awe na uaminifu wa aina hiyo. Kwake tunaweza kudai mwingine, ulio finyu na mgumu: kwamba asiiache kazi ikiwa nusu, awaambie wachezaji kwa mdomo wake kabla hawajasoma mitandaoni, na asiwakane watu waliomwamini siku anapokaribishwa na wengine.

Nasreddine Nabi alituonyesha kwamba hayo yanawezekana. Aliifundisha Yanga tangu 2021, akatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo, akautwaa tena 2022/23, na katika msimu huohuo akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho. USM Alger ilishinda 2–1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Juni 3, 2023 Yanga ikashinda 1–0 Algiers, ikalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini tu: jumla ilikuwa 2–2, lakini USM Alger ilikuwa imefunga mabao mengi zaidi ugenini. Msimu ukafungwa, ndipo akaondoka kwenda AS FAR ya Rabat. Alikwenda Morocco, kama Davids alivyokwenda baadaye, kwa ari ileile ya kutaka ligi kubwa zaidi. Walioumia waliumia, lakini nawauliza wana Jangwani mliopo hapa kama yupo anayemtaja Nabi leo kwa neno msaliti. Naona mnatikisa vichwa.

Kwa hiyo ninalowaomba viongozi wa klabu ni jambo la kalamu na karatasi. Mnapoandika mkataba wa kocha, pamoja na kiasi cha fidia, andikeni kwamba hawezi kuondoka kati ya mikondo miwili ya mashindano, wala katika wiki za mwisho za ligi. Na katika ukurasa huohuo mjifunge wenyewe kwamba hamtamwachisha katika vipindi hivyohivyo. Mkimchukua kocha wa klabu ndogo, mpeni mwenyewe nafasi ya kurudi kuagana na wachezaji wake, na muiandikie klabu yake barua ya shukrani kabla ya kupiga picha ya utambulisho.

Rodgers alirudi Celtic Juni 2023, na wengi waliokuwa wameapa kutomsamehe walimpigia makofi alipowaletea ubingwa tena. Oktoba 2025 akajiuzulu, msimu ukiwa bado mbichi na mkataba haujaisha, na mwanahisa mkuu wa klabu akamtolea tamko kali lililojaa uchungu. Mtu aliyeitwa kushika timu kwa muda alikuwa Martin O'Neill, mwenye umri wa miaka 73, aliyewahi kuifundisha Celtic miaka ishirini nyuma. Aliitwa, akaenda, na timu ilikuwa na mchezo siku mbili baadaye.