Geti la pwani: chumvi kwanza, kutu baadaye

REHEMA: Kaka Athumani, geti la mama kule Ras Kazone lilipakwa rangi kabla ya Idi iliyopita. Hata mwaka haujaisha, chini kote limefanya malengelenge. Ukibonyeza, linatoka vumbi jekundu.

ATHUMANI: Pole, dada. Lilisuguliwa kabla ya kupakwa?

REHEMA: Lilisuguliwa sana! Fundi alikuja na grinda, geti likang'aa kama sufuria mpya.

ATHUMANI: Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Brashi ya waya ya grinda inaweza kuisugua kutu mpaka ing'ae nayo, ukadhani umefika kwenye chuma. Ukipita na msasa mkavu, ule wa namba 80, unaona bado kuna weusi kwenye vishimo. Na ndani ya vishimo hivyo mna chumvi.

REHEMA: Chumvi ya bahari?

ATHUMANI: Hiyohiyo, inaletwa na upepo. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo ukiifunika kwa rangi umeacha maji kidogo juu ya chuma. Kutu inaendelea huko chini, na kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, inainua rangi. Ndiyo malengelenge unayoyaona.

REHEMA: Kwa hiyo nianze na nini?

ATHUMANI: Maji na sabuni, kabla hujashika msasa. Ukisugua kwanza, unaishindilia chumvi ndani. Osha, suuza, acha likauke. Kisha kwangua rangi yote iliyoachia, piga brashi ya waya, piga msasa. Funga barakoa nzuri, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na watoto wasiwe karibu. Halafu osha tena.

REHEMA: Tena? Si nitaamsha kutu upya?

ATHUMANI: Ikikawia, ndiyo. Ndiyo maana unaanza asubuhi umande ukishakauka, siku ya jua kali. Ukishasuuza unafuta kwa kitambaa, jua linamalizia, na redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, inapita siku hiyohiyo. Ukiliacha chuma tupu lilale nje usiku mmoja hapa Tanga, asubuhi utalikuta na rangi ya chungwa.

REHEMA: Na kwenye bawaba? Ndiko kulikoharibika zaidi.

ATHUMANI: Bawaba, kingo, na pale palipochomelewa, anza napo kwa brashi ndogo kabla ya kupaka kwingine. Kwenye kona kali rangi hukimbia, inabaki nyembamba. Mimi sehemu hizo huzipaka mara mbili, sina haraka nazo kabisa.

REHEMA: Mama ana kisima pale uani, maji yapo ya kutosha.

ATHUMANI: Yana ladha gani?

REHEMA: Ya chumvichumvi... Aah! Basi tutachota bombani.

ATHUMANI: Ya bomba, dada. Ndoo kama sita hivi zitatosha.