Kamera ya Likizo ya Familia: Tafuteni Mwanga Kabla ya Zumu

Wazazi wangu, ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza.

Kila Desemba ikikaribia, wanaotaka kununua kamera ndogo ya safari huniuliza swali moja: "Ipi inavuta zaidi?" Yaani, ipi ina zumu ndefu ya kusogeza karibu kitu kilicho mbali. Akilini wana simba wa Mikumi. Nawaelewa kabisa. Lakini jioni ya leo nataka mtoke hapa mkiwa na swali jingine la kumuuliza muuzaji: ipi inaona vizuri mwanga ukiwa hafifu?

Hebu tuifuate likizo yenyewe. Mnatoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Moshi kwa bibi. Watoto wamelaliana kiti cha nyuma, jua halijachomoza. Mnafika jioni, bibi yuko jikoni, kuni zinawaka, dirisha ni dogo na kuta zimeshika masizi. Usiku watu wamezunguka meza chini ya taa moja, mjomba anahadithia, watoto wanacheka. Au mmekwenda Unguja: Forodhani inachangamka baada ya magharibi, pale wauza urojo na mishikaki wanapowasha taa zao. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama halisubiri mtu. Ndani ya nusu saa giza limeshatanda. Ukizihesabu picha ambazo familia inazitunza miaka na miaka, nyingi zinatokea saa hizo, au ndani ya nyumba. Simba anapigwa picha saa nne asubuhi jua likiwaka, na jua likiwaka karibu kamera yoyote inaweza.

Sasa mwanga unaingiaje? Kuna vitu viwili, na vyote viwili mnaweza kuvikagua dukani wenyewe.

Cha kwanza ni sensa, kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea picha. Kamera nyingi za mfukoni za bei nafuu zina sensa yenye upana wa milimita 6 hivi. Zipo nyingine, bado ndogo za kuingia mfukoni, zenye sensa inayoitwa ya inchi moja. Vipimo vyake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo. Mvua ikinyesha, beseni linakinga maji mengi kuliko kikombe, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo muuzaji akianza kuwatajia megapikseli, yaani hesabu ya nukta zinazounda picha, msikilizeni kwa adabu, kisha ulizeni ukubwa wa sensa. Megapikseli 20 kwenye sensa ndogo, jikoni kwa bibi, zitawapa uso wa bibi uliojaa punjepunje kama mchanga.

Cha pili ni tundu la lenzi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jibu limeandikwa kwenye kamera yenyewe. Igeuzeni muitazame usoni. Pembeni ya kioo pana maandishi madogo: mfano 1:1.8-2.8. Namba ya kwanza ni upana wa tundu mkiwa hamjavuta zumu, ya pili ni mkiwa mmeivuta hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne ya lenzi ya 3.5. Maana yake kwa mtoto anayerukaruka sebuleni ni kwamba kamera inafungua na kufunga haraka zaidi, uso wake unatoka umetulia badala ya kuvutika kama umepakwa kwa kidole.

Mfano mmoja unaonyesha jambo hili wazi kuliko maelezo yangu. Sony wana jamii ya kamera ndogo iitwayo RX100, iliyoanza mwaka 2012. RX100 III ya mwaka 2014 ina lenzi ya 1.8 hadi 2.8, na zumu yake ni fupi, kutoka 24 hadi 70. Hizi ni milimita za kulinganishia zumu: namba ikiwa kubwa, kamera inavuta mbali zaidi. RX100 VI ya mwaka 2018 ina zumu kutoka 24 hadi 200, lakini lenzi yake inaanzia 2.8 na kuishia 4.5. Umbo karibu ni lilelile, sensa zote mbili ni za inchi moja. Waliotaka kuvuta mbali walilipa kwa mwanga, zaidi ya nusu yake. Mimi kwa familia yenye watoto wadogo ningechukua ile ya zamani bila kusita, na fedha itakayobaki iende kwenye betri za akiba. Canon G7 X Mark II iko kundi hilohilo, inafika 100, na lenzi yake ni 1.8 hadi 2.8. Ni chaguo zuri sana.

Najua mtasema, na wanyama je? Mikumi, tembo na twiga mara nyingi wako karibu na njia, na zumu inayofika 100 inawatosha. Kwa kweli picha ya twiga pamoja na mtoto wenu aliyetoa macho dirishani ina uhai kuliko twiga peke yake. Ngorongoro ni habari nyingine. Mle kreta gari haliruhusiwi kuacha njia, na faru anaweza kuwa mbali sana, nukta tu nyasini. Hata 200 haitoshi. Ya kuwafaa ni kamera kama Sony RX10 IV, inayofika 600, lakini ina uzito unaozidi kilo moja. Hiyo si ndogo tena, na baba atakayeibeba shingoni siku nzima mtamsikia akilalamika kabla ya chakula cha mchana. Ushauri wangu ni kununua darubini mbili za kawaida. Kila mtoto atamwona faru kwa macho yake, kwa zamu, wala hakuna atakayekaa anasubiri kuonyeshwa kwenye kioo.

Zipo pia kamera za mfukoni zenye zumu ya mara 30, kama Panasonic Lumix TZ90. Mchana ni hodari. Saa moja jioni hazina msaada mkubwa, maana sensa yake ni ile ndogo.

Familia inayokwenda baharini, Paje au Nungwi, na ina watoto chini ya miaka kumi, ningeielekeza kwingine kabisa: Olympus Tough TG-6. Inazama hadi mita 15 chini ya maji, na imetengenezwa kustahimili kuanguka kutoka mita 2.1. Sensa yake ni ndogo, usiku haitawafurahisha. Lakini mtampa mtoto mkononi bila moyo kudunda, na mtoto akipewa kamera anawapiga picha ninyi wazazi mkiwa hamna habari. Picha hizo ni tamu ajabu.

Jambo moja la pwani linalowasumbua wengi: mmelala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi mnatoka nje na kamera, lenzi inapata ukungu hapohapo. Msiifute kwa kanga. Iacheni ndani ya mkoba uliofungwa, izoee joto taratibu kwa nusu saa hivi, ndipo muitoe. Na mchanga ndio adui mkubwa wa lenzi inayotoka na kurudi ndani. Kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana linatosha kuilinda kamera kwenye mashua.

Kuhusu simu, nitasema wazi. Kama mna simu nzuri ya miaka ya karibuni, msinunue kamera yenye sensa ndogo kwa ajili ya picha za kawaida. Haitaishinda simu yenu. Ila simu ikipiga picha usiku huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Kwa jengo la Mji Mkongwe lililosimama, inapendeza. Kwa mtoto anayekimbia, mara nyingi anatoka na ukungu. Hapo ndipo kamera yenye sensa kubwa na lenzi pana inapolipa gharama yake.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu. Hakuna ubaya, ila nendeni na memori kadi yenu. Iwasheni, vuteni zumu hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa, mkisikiliza: mkwaruzo au kusita ni dalili mbaya. Kisha punguzeni tundu la lenzi hadi dogo kabisa, yaani namba kubwa kabisa, pigeni picha ya ukuta mweupe au anga, na muikuze kwenye kioo. Mkiona madoa meusi hafifu yasiyohama kila mnapopiga, vumbi limeingia kwenye sensa. Kamera hizi lenzi haichomoki, kwa hiyo kulitoa ni lazima fundi aifungue yote, na gharama inaweza kukaribia bei mliyonunulia. Shukuruni muuzaji, ondokeni.

Betri, chukueni mbili za akiba, kwa kuwa kamera ndogo zina betri ndogo. Mkisafiri kwa ndege, betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia chini.

Na kwa akina mama, maana nimeona albamu nyingi ambazo mama mwenyewe hayumo kwa sababu ndiye anayepiga: kila kamera niliyoitaja ina kipima muda, inasubiri sekunde kadhaa kabla ya kupiga. Iwekeni juu ya ukuta wa baraza, bonyezeni, kimbieni mkakae na wanao.

Hapa mezani nimeleta tatu. Nimeomba taa za nyuma ya ukumbi zizimwe. Njooni mzishike, mpige picha watoto waliokuja nanyi kule gizani, kisha mlinganishe nyuso zao kwenye kioo. Maswali tutaendelea nayo hukohuko.