Humu Mna Nini?

Mwenyekiti wa mafunzo, watabibu wenzangu, mama zangu wakunga, shikamooni mnaostahiki na wengine hamjambo.

Habari za usajili mmeshaelezwa asubuhi. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 mnaijua, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala mnalijua, na asiye na cheti anajijua. Sirudii. Mimi nimekuja na neno langu lile lile ambalo wengine mmeshalisikia kwangu mara tatu, nne. Siri. Nitalisema mpaka lieleweke.

Nilikuwa na mgonjwa wa sukari, mama wa makamo, muuza samaki. Nikampa dawa ya marehemu baba: karela, kokwa za zambarau zilizosagwa, majani ya mlonge. Nikachemsha, nikaitia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikamwambia kikombe cha chai asubuhi, kikombe jioni. Sikumuuliza kama ana vidonge vya hospitali. Alikuwa navyo. Akameza vyake na changu akanywa. Siku ya tatu, alfajiri, akaanguka mlangoni kwake, jasho linamtiririka hadi kanga imelowa, maneno hayaeleweki. Mwanawe akampakia kwenye bajaji, na ile chupa akaibeba. Mungu amjalie kijana yule kwa kuibeba.

Daktari akanipigia simu. "Mzee, humu mna nini?"

"Mna miti."

"Miti gani?"

Nikanyamaza. Baba aliniapisha nikiwa na miaka 19 kwamba majina ya miti hayatoki nje ya nyumba yetu. Simu iko sikioni, namsikia yule kijana analia upande wa pili, nami nimeuma ulimi kwa ajili ya zambarau! Zambarau, jamani, zinazouzwa kwenye sinia pale stendi!

Mwishowe nikataja. Daktari akaelewa hapo hapo: vidonge vinashusha sukari, dawa yangu nayo inashusha, na mama wa watu hata kula alikuwa hali vizuri. Walikwisha kumtundikia drip ya sukari, na kabla ya adhuhuri akawa anaongea. Nilipokwenda kumtazama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, mbona hukuniuliza kama nina dawa nyingine?" Swali hilo bado ninalo.

Sasa najua yuko atakayesema: mzee, tukitaja miti watatuibia. Nakujibu wewe hasa, maana hoja yako si ya kipuuzi. Miti yetu imeshachukuliwa sana. Lakini sikiliza habari ya Uingereza. Mwaka 1775 daktari William Withering aliombwa maoni juu ya dawa ya watu waliovimba mwili kwa kujaa maji. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Shropshire, ina mimea 20 na zaidi, na bibi aliificha miaka mingi. Withering akaipitia, akaona mmea unaofanya kazi ni mmoja tu, ule ambao wataalamu wanauita dijitalisi. Akakaa nao miaka kumi akipima kiasi, kwa sababu mmea huo ukizidi kidogo unaua. Mwaka 1785 akatoa kitabu. Mpaka leo dijoksini ya wagonjwa wa moyo inatokana na mimea ya jamii hiyo. Jina la Withering mmelisikia. La bibi je? Kitabuni hakuliandika. Basi siri yake ilimlinda nini? Na wagonjwa wake, waliokuwa wanakunywa sumu na dawa katika kikombe kimoja bila kipimo, iliwalinda nini?

Mwingine atasema, mbona hospitali nao wanatudharau? Kweli, wako wanaomfokea mgonjwa akitaja mitishamba, naye akirudi mara ya pili anaficha. Wanakosea, na mbele ya waganga wakuu wa hospitali nimelisema hilo bila kupepesa macho. Lakini mgonjwa akifichwa huku na akificha kule, anayezikwa ni yeye.

Tunajisifu kwamba sisi tunatibu mtu mzima, hatutibu kiungo. Vizuri. Tunauliza usingizi, tunauliza chakula, tunauliza kama nyumbani kuna amani. Je, vile vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya kaki chini ya mto wake si sehemu ya mtu huyo? Viulize!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Mjamzito usimpe shubiri, mama zangu mnajua. Mwenye kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, usithubutu kumwambia aache dozi, hata akikuomba. Muarobaini ni mti wa heshima, lakini jina lake halikupi ruhusa ya kutangaza kwamba unatibu maradhi arobaini. Magome nilitaka kuyasemea kwa kirefu, maana mti ukivuliwa gome kuuzunguka hufa. Yatasubiri siku nyingine.

Pale mezani kuna madaftari, kila mtu achukue moja. Nimechora mistari kwa mkono wangu: mgonjwa, dawa anazotumia za hospitali, mti, sehemu ya mti, kiasi, tarehe. Na kwenye kila chupa bandikeni karatasi yenye majina ya miti na namba yenu ya simu. Daktari akipiga alfajiri, pokeeni na mtaje.